"Ng'oa Kwanza, Tutasali Baadaye": Safari ya Kamachumu

Meli kutoka Mwanza ilitushusha Kemondo, mkoani Kagera, alfajiri, miili inauma. Nilikata tiketi ya daraja la tatu, na huko anayewahi benchi ndiye anayelala. Mimi nilikesha nimeegemea gunia la mtu. Bandarini, bodaboda wa kwanza akanitajia elfu kumi na tano mpaka Kamachumu, wakati mwenyeji wangu alishaniambia nisizidishe elfu nane. Tulivutana tukakubaliana kumi na moja. Hata hivyo aliniteremsha kwenye mlima, eti pikipiki haiwezi kunipandisha na begi. Hela hakupunguza. Nikamalizia kwa miguu.

Nilikuwa nakwenda kwenye mkutano wa ndugu, watu wa Uamsho, lile vuguvugu la Wakristo la kutubu dhambi hadharani. Huku Uhayani, nchi ya Wahaya, Uamsho una mizizi mirefu. Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, na Simeoni Nsibambi, Mganda, walikutana Kampala mwaka 1929, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Moto ule ukaenea Rwanda na Uganda, ukaingia Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930. Hata Askofu Josiah Kibira, mzaliwa wa huku, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa ndugu wa Uamsho. Bibi yangu alikuwa akitusimulia jinsi watu wa enzi hizo walivyookoka asubuhi, na jioni wakaonekana njiani wanarudisha majembe na mbuzi wa wenyewe. Nilizipenda hadithi hizo, ila nilizihesabu kuwa za zamani.

Mahubiri, nyimbo na ndizi za mchana nayaruka, maana kilichonifanya niandike kilitokea jioni ya pili, wakati wa ushuhuda. Alisimama mzee mmoja mwenye koti la kahawia, mikono inamtetemeka. Akasema ameokoka muda mrefu, ameimba kwaya, amekuwa mzee wa kanisa, na miaka yote hiyo analima ardhi isiyo yake. Jirani yake alipofariki, usiku mmoja aling'oa milamula, ile mimea ya kuonyesha mipaka ya vibanja, yaani mashamba ya migomba, akaisogeza upande wa marehemu. Mjane hakusema kitu. Mzee akamaliza: "Damu ya Yesu imenisafisha. Naomba ndugu mnisamehe."

Watu wakaanza kuimba, kama ilivyo desturi mtu akitubu. Kijana mmoja nyuma akanyoosha mkono, wimbo ukakatika.

"Baba, shikamoo," akasema. "Mimi ni mtoto wa yule mjane. Hapa ndani hakuna mwenye haki ya kukusamehe kibanja. Mwenyewe yuko nyumbani."

Kimya kikawa kizito. Nilidhani wazee watamkemea. Badala yake kiongozi wa mkutano akafungua Mathayo 5, akasoma: "Iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako." Akaifunga Biblia, akamuuliza mzee, "Kesho saa ngapi?"

Tulikwenda saa kumi na mbili asubuhi, kundi dogo, na nikaruhusiwa kufuata. Yule mjane, sasa ni bibi, alikuwa anafagia uwanja wake. Mzee akapiga magoti kwenye majani yenye umande, akaeleza yote, mpaka usiku wenyewe na jembe alilotumia. Bibi alisikiliza ameshika ufagio. Mmoja wa ndugu akasema, "Mama, tuombe."

"Ng'oa kwanza, tutasali baadaye," akajibu.

Mlamula uliokaa ardhini miaka mingi si mchezo kuung'oa. Umenyooka kama fimbo, juu una majani marefu membamba, lakini chini mizizi yake ya rangi ya machungwa imejisokota na kushikana na ya migomba. Mzee alikataa kusaidiwa. Alichimba, akavuta, akapumzika, akachimba tena. Bibi mwenyewe ndiye aliyemwonyesha pa kupanda upya. Alipajua bila kupima, kwenye jiwe moja lililofunikwa na majani makavu ya migomba. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa analiangalia.

Kati ya mpaka wa zamani na ule wa wizi palikuwa na mibuni iliyopandwa na mzee. Akasema anaiacha yote, akataja Zakayo aliyerudisha mara nne. Bibi akaitazama ile mibuni, akasema, "Msimu huu tuvune pamoja." Ndipo akamshika mkono, akamwambia, "Nimekusamehe. Nilikuwa naomba uje nikiwa hai." Sala ikafuata, fupi, na sijawahi kusikia "Amina" kama ile.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza nyumbani. Kwetu tuna vipaza sauti, mikesha, na sala ya toba tunayoisoma wote kwa pamoja, kila mtu akijificha ndani ya sauti ya mwenzake. Sisemi sala ile ni mbaya; naipenda. Lakini Yohana anaandika kwamba "tukienenda nuruni" ndipo "twashirikiana sisi kwa sisi", na usharika wetu una wazee wawili waliogombania kiwanja, mmoja alimdhulumu mwenzake na wote tunajua. Kila mara wanapiga magoti kwenye Chakula cha Bwana wakiachana nafasi ya watu watatu, nasi tunaita hiyo amani.

Nimeshamsimulia mchungaji wetu habari ya milamula. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama bibi alikubali kirahisi, nikamwambia hapana. Amesema atawaita wote wawili, pamoja na hati za kiwanja, kabla ya Chakula cha Bwana cha mwezi ujao.