Msamaha wa ndani ya nyumba

Joe Biden, akiwa rais wa Marekani, alisema hatatumia msamaha wa rais kumwokoa mwanawe Hunter na kesi zake za jinai. Tarehe 1 Desemba 2024 akamsamehe. Bill Clinton alishamfanyia hivyo nduguye Roger, kesi ya kokeini, siku yake ya mwisho madarakani mwaka 2001. Uchungu wa mwana naujua, mimi pia mzazi. Lakini ningeuza mashua nimlipie wakili. Mashua ni yangu.

Kenya, Kifungu cha 133 cha Katiba kinamtaka rais apate ombi na ushauri wa kamati kwanza. Nakijua kwa sababu nawaandikia watu barua hapa Lamu. Juzi mvuvi wa Langoni alikuja kumwombea mwanawe, mfungwa wa bangi. Tukakwama kwenye "sababu za ombi". Akasema, "Andika mamake mgonjwa." Nikaandika.