Shilingi 1,200,000 na mashine tatu za Kariakoo

Nilidunduliza kwa miezi kumi na moja hadi nikafikisha shilingi 1,200,000. Hela hiyo ilitakiwa itoshe kila kitu cha kompyuta ya gemu: mashine yenyewe, skrini, kibodi na mausi. Nilichotaka ni gemu mbili, FC 24 ya mpira na GTA V, zicheze bila kukwamakwama, nikae na mdogo wangu jioni nikitoka kazini. Nikapanda treni ya SGR asubuhi kutoka Morogoro, saa nne nikawa Kariakoo. Duka la kwanza tu nusura niache hela yote.

Mashine yenyewe ilivutia kweli. Kasha la kioo, feni nne zinawaka rangi zote, na karatasi iliyobandikwa juu: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya i7, RAM (kumbukumbu ya muda) 16GB, kadi ya grafiki (inayochora picha za gemu) yenye kumbukumbu ya 4GB, shilingi 1,050,000. Kijana wa dukani akaniambia, "Kaka, hii ni i7, hakuna gemu itakayoishinda." Nikamwomba aiwashe, nikafungua taarifa za mfumo. Ikasoma i7-2600.

Hapo panawaumiza watu wengi, kwa hiyo nitapaeleza vizuri. Namba inayofuata baada ya i7 ndiyo inayokuambia umri wa prosesa. 2600 ni kizazi cha pili, ilitoka mwaka 2011. i5-8500 ni kizazi cha nane, ya mwaka 2018. Ina kori sita, yaani sehemu sita zinazofanya kazi kwa pamoja, wakati i7 ile ya zamani ina nne. Tena i7-2600 haina AVX2, aina ya maelekezo ya hesabu ambayo prosesa mpya huyaelewa, na zipo gemu mpya ambazo bila hiyo hazifunguki kabisa. Ukisikia "i7" peke yake bila namba, bado hujaambiwa kitu.

Kadi ya grafiki ilikuwa GT 730. Ni kweli ina 4GB, sawa na GTX 1650 niliyokuwa naiwaza mimi. Lakini chukua simtanki mbili za lita 1,000, moja ina koki nyembamba na nyingine ina bomba pana. Maji ni yaleyale, ila ndoo ya kwanza utaisubiri mpaka uchoke. GT 730 ile yenye kumbukumbu ya aina ya zamani, DDR3, hupitisha data kama GB 14 kwa sekunde. GTX 1650 ya mwaka 2019 hupitisha 128. FC 24 yenyewe inataka angalau GTX 1050 Ti. Nikamshukuru kijana, nikatoka.

Duka la pili walikuwa na mashine ya gemu iliyotumika, imekuja hivyohivyo kutoka kiwandani: Ryzen 5 3500, GTX 1650, RAM 8GB, kwa 950,000. Hii ilikuwa mashine ya haki, na kama ningekuwa na laki mbili zaidi huenda ningeichukua. Ila skrini ilikuwa bado, na RAM ilikuwa kipande kimoja tu. Vipande viwili vya 4GB vinaipa prosesa njia mbili za kupitisha data, na kwenye gemu tofauti inaonekana.

Duka la tatu wanauza kompyuta za ofisi zilizotumika. Nikachagua Dell OptiPlex 7060, i5-8500, RAM 8GB ya vipande viwili, SSD (diski ya kasi ya kuhifadhia) ya 256GB, shilingi 470,000. Nilisisitiza nipewe ile ya kasha kubwa la kusimama, kwa sababu ile nyembamba haipokei kadi ya kimo cha kawaida. Palepale wakanifungia GTX 1650 iliyotumika kwa 360,000.

Hofu yangu ilikuwa umeme. Pawa saplai ya mashine hii ni ya wati 260, na ina viunganishi vyake, huwezi kuchomeka tu yoyote unayoikuta sokoni. Ndiyo maana nikang'ang'ania GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa umeme; inakula wati 75 tu, zote kutoka kwenye ubao mama ambao kadi imechomekwa. Prosesa ni wati 65. Nafasi inabaki. Zipo GTX 1650 zenye tundu hilo, kwa hiyo ikague kadi yenyewe kwa macho.

Kabla ya kulipa nikawasha GPU-Z, programu ya bure ambayo huzitambua kadi nyingi za kughushi, maana kuna kadi kuukuu zilizobadilishwa jina ndani ili zijitambulishe kuwa mpya. Yangu ikasoma sawa. Nilikuwa nimebeba GTA V kwenye diski ya nje, nikaicheza dakika ishirini hapohapo dukani huku naangalia joto. Mwenye duka, mzee mmoja mpole, akanivutia kiti. "Jaribu mwanangu, hela yako hiyo." Kadi ikatulia kwenye nyuzi 68. Akaniandikia risiti yenye miezi mitatu ya dhamana, namba ya kadi ikiwa humo.

Skrini ya inchi 22 niliipata kwa 140,000, kibodi na mausi 35,000. Nikabaki na 195,000, karibu yote ikaenda kwenye UPS, kifaa chenye betri cha kuikinga mashine, kwa sababu mtaani kwetu umeme ukikatika hurudi kwa kishindo.

Skrini yangu ni ya hezi 60, yaani hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo sihitaji gemu itoe zaidi ya fremu (picha) 60 kwa sekunde. FC 24 inazifikia kwenye picha ya 1080p (Full HD) nikishusha ubora hadi wa kati, na GTA V inazifikia bila shida. Udhaifu mkubwa ni mmoja: sitaweza kuweka kadi inayokula umeme mwingi baadaye. Nimeshaitazama RTX 3050 ya 6GB iliyotoka mwaka 2024, inayokula wati 70 tu; hiyo itaingia. Kwa sasa kinachonibana ni SSD, maana FC 24 peke yake inataka nafasi ya GB 100, na mdogo wangu tayari ananiuliza tufute gemu gani.