Acheni (saa 8) ibaki saa 8

Wiki iliyopita mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake, akaja kwenye jukwaa letu dogo la tuliosoma pamoja akaweka tangazo fupi, ibada nyumbani saa 6 mchana halafu makaburini (saa 8). Alipotuma tu ile 8 na mabano yake vikageuka kikatuni cha njano, kimevaa miwani ya jua, kinatabasamu. Katikati ya tangazo la msiba jamani. Mimi ndio nasimamia hilo jukwaa na iliniuma sana, yani mtu kafiwa na mzazi halafu programu inamchekea, na bado watu watatu wakanipigia kuuliza wanazika saa ngapi maana saa yenyewe imemezwa, kilichobaki ni "(saa" na sura ya njano.

Nilibadilisha haraka nikaandika saa nane mchana kwa maneno, lakini usiku ule sikulala nikakaa kupitia orodha nzima ya vikatuni, code moja baada ya nyingine (code ni zile alama unazoandika, kama 8), ambazo programu inazigeuza picha), kuangalia ni zipi zinagongana na Kiswahili chetu. Ni nyingi kuliko nilivyodhani.

Hiyo ya 8) ndio mbaya kuliko zote kwasababu saa nane mchana kwetu ndio saa ya kila kitu, kikao cha harusi, maziko, mkutano wa wazazi, na watu wanapenda kuweka saa kwenye mabano. Halafu kuna :D. Mwaka juzi mzazi mmoja aliweka matokeo ya mwanae wa kidato cha nne, kaandika bila nafasi kama tunavyoandika wengi, Kiswahili:B, Hisabati:D, na ile D ikawa uso unacheka meno yote nje. Mtoto kahangaika na hesabu miaka minne! Na mapishi je, mtu anaandika Mahitaji:(unga, sukari, hiliki) na nukta mbili na mabano zinakuwa uso umenuna, mabano ya kufungua yamepotea, msomaji anabaki anashangaa maandazi yana huzuni gani. Maswali ya kuchagua nayo, B) kwenye programu nyingine ni miwani pia.

Hizi alama zenyewe sina ugomvi nazo, nazipenda kweli. Scott Fahlman wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani ndie alipendekeza :-) tarehe 19 Septemba 1982, kwasababu watu kwenye ubao wao wa matangazo wa kompyuta walikuwa wanashindwa kujua nani anatania na nani yuko serious, na akapendekeza :-( kwa yasiyo ya utani. Uzuri wake ni kwamba ni maandishi matupu, mashine yoyote inayoonyesha herufi inaweza kuonyesha uso ule, na mwandishi ndie kaamua kuuweka.

Baadae zikaja programu za kuendeshea majukwaa kama phpBB na folda la vijipicha vya GIF, na ndani kuna jedwali, upande huu code upande ule picha. Ukituma posti programu inapita kwenye maneno yako kama mtu anayechambua mchele, ikikuta code inaitoa inaweka picha. Haijui kama hapo ni msiba au matokeo au mapishi. Zingine zina adabu kidogo, zinataka kuwe na nafasi kabla au baada ya code ndio zibadilishe, zingine zinakamata popote hata katikati ya neno. Ila "saa 8)" ina nafasi kabla ya 8, kwahiyo hata hiyo adabu ya nafasi ya mbele haikutusaidia.

Kwenye fidi za RSS, yani zile zinazompelekea msomaji posti za blogu kwenye programu yake bila kufungua tovuti, ni hadithi nyingine na hii imenikuta kwenye blogu hii hii. Dada mmoja anayenisoma kwa programu ya fidi alinitumia skrinishoti, ule uso mdogo niliouweka mwisho wa sentensi kwake umejaza skrini nzima ya simu, maneno yangu yamesukumwa chini huko. Sababu ni kwamba kwenye blogu picha inafinywa na CSS ya tovuti, yani maelekezo ya mwonekano, na fidi haibebi CSS, inabeba posti tu, kwahiyo picha ikifika kule inatanuka kwa ukubwa wake halisi au zaidi. Dawa yake ni kuandika kimo ndani ya tagi ya picha yenyewe kwenye HTML, style="height: 1em" (kimo sawa na cha maandishi), ikasafiri nayo. Na anwani ya picha iwe kamili kuanzia https, ukiweka njia ya mkato wengine wataona kiboksi kimevunjika.

Na tafadhali sana, alt, yani maneno yanayokaa badala ya picha isipoonekana, isiachwe wazi. Kwenye alt andika ile :) yenyewe au neno "tabasamu". Kuna wasioona wanaosomewa na programu kama NVDA, kuna wanaozima picha kuokoa bando, na alt ikiwa tupu hao wote wanapata sentensi isiyo na uso, utani wako unageuka tusi.

Siku hizi emoji ni herufi kabisa, Unicode, yani orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, toleo la 6.0 la mwaka 2010 iliziingiza kwa mamia, kila simu ina kibodi yake, anayetaka uso anauchagua mwenyewe kwa kidole. Ndio maana sioni tena haja ya programu kumkisia mtu. Angalizo moja tu kwa wenye majukwaa ya zamani, ile utf8 (namna ya kuhifadhi herufi) ya hifadhidata ya MySQL inabeba mpaka baiti 3 kwa herufi na emoji nyingi zinataka 4, kwetu posti zilikuwa zinakatika pale pale ilipo emoji na yote yanayofuata yanapotea, mpaka tukahamia utf8mb4.

Kwahiyo nilichofanya, 8) na B) nimezifuta kwenye jedwali, anayetaka miwani ataandika :cool:. Hiyo :D na :( zimebaki ila lazima zikae peke yake, nafasi mbele na nyuma. Posti za zamani zilikuwa zimehifadhiwa na picha ndani yake tayari, hizo nimezirudisha kwenye maandishi kwa mkono na bado naendelea, nimefika za mwaka 2014.

Tangazo la msiba nilianza nalo. Nimetoa maneno yangu, sasa linasomeka (saa 8) kama mwenzetu alivyoliandika.