Saa kumi na moja na pointi mbili

Harusi imepita salama, wageni wa Moshi wamepanda basi la alfajiri, na mimi nimebaki na neno moja tangu Jumatatu kama mwiba wa samaki kooni. Nimelimezea tonge kavu, halijashuka.

Jumatatu, kwenye saa nne asubuhi, Bosi wa ofisi yetu ya mawakili aliniita tupitie bili ya mteja wetu wa ule ununuzi wa kampuni. Shikamoo, marahaba, kaa mwanangu. Mezani palikuwa na rasimu ya bili, kopo lake la kashata na ile kalamu ya wino wa kijani. Akashuka na kalamu mstari kwa mstari, jina kwa jina, taratibu kama anayechambua mchele, mpaka akafika kwenye saa zangu za Ijumaa. Kalamu ikasimama.

"Hizi kumi na moja na pointi mbili ni za nini?"

"Hati za viwanja, Bosi. Za yale maghala. Nilikuwa naoanisha kila hati na majibu ya upekuzi wa Ardhi."

"Umefanya vizuri, nimesoma. Ila huyu mteja tulishampa bei, tukimpelekea na hizi atapiga kelele. Hizi tuzisamehe, mwanangu."

"Sawa, Bosi."

Akapitisha mstari mmoja wa kijani, ulionyooka, akanisogezea kopo. Nikachukua kashata. Nikasema na asante.

Basi. Hakunigombeza wala hakupandisha sauti. Ndiyo maana nashindwa hata kumsimulia mtu, maana nikisimulia inaonekana nimesifiwa na nimepewa kashata. Lakini tangu siku ile, nikiwa kwenye mwendokasi, nikiwa naosha vyombo, nikiwa hata ukumbini jana mc akiita ukoo wa bwana harusi, nalirudia lile neno. Tuzisamehe. Nimelichambua kama mwanafunzi wa kidato cha pili. Tu, hao ni sisi wenye kusamehe. Zi, hizo ni saa. Mwenye saa zake hayumo. Na kusamehe ni lazima kuwe na aliyekosa au anayedaiwa, sasa hapo mdeni alikuwa nani? Leo kanisani tulipofika kwenye "utusamehe" nikajikwaa, nikabaki nyuma ya wenzangu sentensi nzima.

Zile saa nitawaambia zilikuwa Ijumaa gani. Ilikuwa Ijumaa ya sendofu ya mdogo wangu.

Niliingia ofisini saa tatu asubuhi, nikatoka saa nne usiku. Kati ya hapo, ukitoa chai, na dakika ambazo mtandao ulikatika, na zile nilizokaa chooni nikijibu kamati ya shughuli kwa simu, zilibaki kumi na moja na pointi mbili. Pointi ni dakika sita. Maisha yangu yote ya kazi yamekatwakatwa dakika sita sita kama nyama ya mishikaki, kila kipande na mteja wake. Nilizijaza kwenye taimushiti usiku uleule, nikiwa kwenye bajaji, kiatu kimoja mkononi, kwa sababu saa isiyojazwa siku hiyohiyo hupotea. Kumbe na iliyojazwa hupotea pia.

Nilifika ukumbini ndafu imebaki kichwa, jani bado liko mdomoni. Keki ilishalishwa. Nilikuwa na suti nyeusi ya ofisini katikati ya watu wa sare ya zambarau, mjomba mmoja akadhani nimetumwa na wenye ukumbi kudai salio.

Halafu ni kwamba bei yangu naijua. Ilikuwa palepale kwenye rasimu, nimeisoma kwa kichwa chini: shilingi 350,000 kwa saa. Mshahara wangu ni 1,800,000. NSSF wanachukua asilimia 10, TRA wanachukua chao, Bodi ya Mikopo asilimia 15 yao, inashuka kwangu 1,036,000. Kwa hiyo mteja akinilipia saa tatu, mwezi wangu umekwisha, na chenji inabaki. Sisemi ninaibiwa. Najua kuna pango la ofisi, kuna bima, kuna ile jenereta. Nasema tu hesabu nimeifanya na sasa siwezi kuifuta kichwani. Na saa iliyosamehewa haihesabiwi kwenye lengo la mwaka, kwa hiyo bonasi nayo imesamehewa humohumo.

Yule mwenzetu tuliyekuwa naye Law School alituma kwenye grupu kwamba New York, kampuni kubwa zinamwanzishia wakili mchanga dola 225,000 kwa mwaka. Tukacheka sana. Mmoja akauliza kama wanalala. Hakuna aliyejibu, ilikuwa saa saba usiku na wote tuko hewani.

Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba mwezi uliopita nilimwandikia mteja wa kiwanda mwongozo wake wa ajira. Nimeandika kwa mkono wangu: saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, ziada hulipwa mara moja na nusu, na isizidi saa 50 katika wiki nne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, naijua kama namba yangu ya simu. Wanaotolewa kwenye saa hizo ni wale wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa. Mimi ninayemsimamia ni printa, na hata yeye hanitii.

Wiki yenyewe ilikuwa kubwa: Tume ya Ushindani walitoa kibali cha ule ununuzi Jumatano, jirani yangu wa meza ameacha kazi anakwenda kuwa mwanasheria wa benki, mdogo wangu kaolewa. Na mimi niko na mstari wa kijani.

Leo mchana bi harusi na mumewe walipita nyumbani kusalimia. Mama alikuwa anatafuta miwani kwenye mkoba wake wa zambarau, ule wa sendofu, akatoa kifurushi cha foili kilichobonyea. Ndafu. Wiki na siku mbili! Imekuwa ngumu kama soli, ina harufu ya mkoba na peremende.

"Yesu wangu," akasema, "si nilikuwekea wewe. Nilijua utachelewa, nikakata paja mapema kabla hawajagawa. Halafu nikasahau kukupa, uliponiletea ule uso wako."

Tulicheka mpaka shemeji mpya akaanza kutuangalia kwa wasiwasi. Mdogo wangu, ambaye hana adabu hata baada ya kuolewa, akauliza, "Dada, sendofu yangu ulijaza pointi ngapi?"

Nikamwambia pointi tano. Nusu saa.

"Nakusamehe," akasema, akanipiga begani.

Hapo sikusikia uchungu wowote, sijui kwa nini. Neno ni lilelile. Ile nyama Mama hakutaka itupwe, tukampa mbwa wa mwenye nyumba, naye akaibeba akaenda kuizika.

Sasa ni saa tano usiku, nguo za kesho nimepiga pasi. Kinachoniweka macho ni mita ya DAWASA. Nimefunga koki zote, nimefunga na ya choo, nimekwenda na tochi mara mbili: kale kagurudumu kekundu bado kanazunguka, polepole. Pale nje pakavu, hakuna hata unyevu. Fundi anasema mpaka Alhamisi.