Heda Iliyochelewa na Bei ya Dagaa wa Mwaloni

Programu ya bei niliyowaandikia wachuuzi wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, iliwahi kuonyesha katika baadhi ya simu bei ya dagaa ya jana yake, ilhali bei mpya ilikuwa imeingizwa tangu alfajiri. Nilikana kosa, kwa kuwa kichujio changu (kipande cha programu kinachopitiwa na kila ombi) kwenye seva ya Tomcat kiliweka katika kila jibu heda, yaani maelezo yanayotangulia ukurasa, ya Cache-Control: no-store, inayokikataza kivinjari kuhifadhi nakala, na kwenye ukurasa wa sangara nilikuwa nimeiona kwa macho yangu.

Ukurasa wa dagaa haukuwa nayo. Kilichozitofautisha kurasa hizo ni urefu tu. Nilikuwa nimeandika setHeader, amri ya kuweka heda, baada ya chain.doFilter, yaani baada ya ombi kupitishwa mbele na jibu kuandikwa. Tomcat hulishika jibu kwanza katika bafa, hifadhi ya muda ambayo kwa kawaida ni ya baiti 8192. Ukurasa mfupi hubaki humo hadi mwisho, hivyo heda iliyochelewa bado huwahi safari, lakini ukurasa mrefu huijaza bafa, seva ikaanza kutuma, na kwa kuwa heda hutangulia mwili wa jibu, setHeader inayoitwa baadaye hupuuzwa bila kosa wala onyo. Kimya hicho ndicho kinachoniudhi hadi leo.

Mbalamwezi nayo ilichangia. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi mingi hupumzika, kwa hiyo orodha yetu ilikaa siku 10 bila kuguswa. Ukurasa ulitaja tarehe ya mwisho ya orodha kuguswa kwa heda ya Last-Modified, na kivinjari kisichopewa agizo huruhusiwa kukisia ukurasa utakuwa mpya kwa muda gani, mara nyingi asilimia 10 ya umri wake: siku 10 zikazaa siku nzima ya bei ya zamani, tena siku ileile mitumbwi iliyorudi ziwani.

Nimeipandisha setHeader juu ya chain.doFilter. Ndani ya servleti, programu inayotengeneza ukurasa wenyewe, nako situmii addHeader, kwa sababu servleti ikihitaji agizo lake, setHeader yake itafuta ya kichujio, ilhali addHeader ingeacha maagizo mawili yanayopingana. Picha, ambazo majina yake hubadilika kila toleo, nimezipa max-age=31536000, yaani ruhusa ya kuhifadhiwa kwa sekunde za mwaka mzima, maana bando la mchuuzi halinunuliwi bure.