Siku yangu na dripu, Mulago, Kampala

Saa 1 asubuhi. Mabenchi ya nje yamejaa. Taasisi ya Saratani ya Uganda iko kwenye kilima hiki tangu 1967, na watu huja toka Arua, wengine toka Kongo. Wanaoongea Kiswahili huletwa kwangu, muuguzi wa dripu za dawa za saratani.

Saa 2. Majibu ya damu. Wawili chembe nyeupe zao, zinazokinga mwili, ziko chini, dripu imesogezwa wiki moja. Mmoja amelia, nauli alikopa.

Saa 3. Hajati wa Bombo, saratani ya ovari, dripu ya tatu. Miezi saba tumbo lilimjaa, akila matonge mawili kashiba, haja ndogo haimwishi. Huko alikoanzia alitibiwa vidonda vya tumbo, kisha minyoo. Hadithi hii naisikia kila wiki na bado inaniuma. Jamani, tumbo likijaa majuma matatu bila kutulia, dai ultrasaundi.

Nampa kwanza dawa za kuzuia mzio, ndipo paklitakseli, dawa yenyewe ya saratani, kwa muda wa saa tatu nzima. Dakika za mwanzo sibanduki kitandani pake, maana kifua kikibana huanza hapo. Karboplatini, dawa ya pili, itafuata.

Saa 6. "Sista, nitapona?"

Nimevuta kiti. Ugonjwa ukikutwa ndani ya ovari tu, kwenye matibabu kamili wagonjwa kama tisa kati ya kumi huwa hai baada ya miaka mitano. Wake umeshatapakaa tumboni, hatua ya tatu. Wengi wa hatua hiyo dawa huwakubali vizuri, halafu kwa wengi ugonjwa hurudi. Sikumficha. Nikamwambia pia kilichopo mkononi: baada ya dripu hii, upasuaji, daktari akiweza kutoa kila uvimbe unaoonekana, miaka huongezeka. Kisha dripu tatu tena. Na CA-125, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, kimeshuka sana tangu aanze.

"Basi tuendelee, mwanangu," akasema.

Saa 9. Binti yake ananiuliza pembeni kama naye yumo hatarini. Khaloti yake, dada wa mama yake, alikufa kwa saratani ya ziwa. Nimeliandika kwenye faili kwa wino mwekundu. Daktari lazima alione, huenda ni ya kurithi.

Saa 10. Kanula, kimrija cha mshipani, imetoka. Nawaambia: joto la mwili likifika 38, mje usiku huohuo, msingoje kuche. Vidole vikifa ganzi, niambieni.

Binti amefungua kikapu: gurusa, mkate mwembamba wa Kinubi, na mchuzi. Hajati amemaliza moja, akanyoosha mkono kuchukua ya pili.