Kunazi za Arquà

Basi la kutoka Padova, Italia, lilinishusha kijiji cha Arquà Petrarca saa nne asubuhi. Ilikuwa Oktoba, ukungu bado umelala juu ya vilima. Kabla sijaulizia njia nikaona mama mmoja anauza matunda kwenye vikapu, nikacheka peke yangu: kunazi! Wao huziita giuggiole, na ni kubwa kidogo, ila ukiuma ni ndugu wa zile tulizookota Tanga tukitoka chuoni. Nikanunua mfuko mzima.

Nyumba ya mshairi Francesco Petrarca iko juu ya kijiji. Chumba chake cha kusomea ni kidogo mno. Husimuliwa kwamba alikutwa humo amelalia kitabu, Julai 1374, akikaribia kutimiza miaka 70. Hilo la kitabu siliapii. Wosia wake ndio ulionigusa: alimwachia rafiki yake Boccaccio florini 50 za dhahabu anunue joho zito la kuvaa akisoma usiku wa baridi. Mimi na koti langu la mtumba tulimwelewa.

Ukutani yumo paka mkavu, nyuma ya kioo. Beti za Kilatini chini yake zinamfanya ajigambe kuwa yeye ndiye aliyependwa zaidi na Petrarca, akafuata Laura, mwanamke wa mashairi yake. Utani wa wenye nyumba wa baadaye huo, na watalii hawabanduki hapo.

Huyo Laura, Petrarca alisema alimwona kanisani Avignon tarehe 6 Aprili 1327. Alimwandikia kwa Kiitaliano, lugha ya nyumbani, mashairi aliyoyaita upuuzi. Jina alilitegemea kwa Kilatini, hasa utenzi wake Africa, juu ya vita vya Scipio, jemadari wa Roma ya kale. Hata taji la heshima ya ushairi alilovikwa Roma mwaka 1341 alilipata utenzi haujaisha. Haukuisha kamwe. Ule "upuuzi", mashairi 366, ndio uliofundisha Ulaya kutunga soneti, shairi la mistari 14.

Kaburi lake la mawe mekundu liko mbele ya kanisa, juu ya nguzo nne. Mwaka 1630 lilivunjwa, mifupa ya mkono ikaibwa. Lilipofunguliwa tena 2003, fuvu lililokuwamo likapimwa: la mwanamke.

Nikaketi karibu nalo, nikala kunazi, huku nikihesabu mizani za mstari wa kwanza wa yale mashairi 366 kwa kupanga kokwa sakafuni. Zikazidi. Nikakumbuka kwamba Kiitaliano humeza irabu zikikutana, nikaondoa mbili. Zikabaki kokwa 11.